Mfalme wa Hispania alifuata nini Mombasa?

Swali: Niliwapeleka wanafunzi wangu Fort Jesus, Mombasa. Mtembeza wageni akatuambia ngome ilijengwa kwa amri ya Mfalme Filipe wa Kwanza. Kitabu tunachotumia darasani kinasema ni Felipe wa Pili wa Hispania. Tena sote tumesoma kwamba ngome ni ya Wareno. Tukiwa njiani kurudi, mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, huyu mfalme ni nani hasa, na Mhispania alifuata nini Mombasa?" Sikuwa na jibu. Nisaidie.

Jibu: Mwalimu, salamu nyingi kwako na kwa huyo mwanafunzi wako. Swali lake linapita mengi niliyoulizwa na watu wazima juu ya ngome ile.

Kwanza niwatoe lawamani mtembeza wageni na mwandishi wa kitabu, maana wote wawili wamesema kweli. Filipe wa Kwanza na Felipe wa Pili ni mtu mmoja. Kastilia, kubwa kuliko falme zote zilizounda Hispania, ilikwisha kuwa na mfalme wa jina hilo, naye ni babu yake mzaa baba. Kwa hiyo mjukuu akahesabiwa wa pili. Ureno haikuwahi kuwa na Filipe kwenye kiti cha enzi, basi alipotawazwa huko mwaka 1581 hesabu ikaanza naye. Waingereza humwita Philip, ndipo mkanganyiko ukazidi. Mimi nitamwita Felipe hadi mwisho.

Sasa hilo la alichofuata Mombasa. Pwani yetu ilimfikia Felipe ndani ya mirathi, na mirathi hiyo haieleweki bila kuwajua wazazi wake.

Alizaliwa Valladolid tarehe 21 Mei 1527. Baba yake alikuwa Carlos wa Tano, Kaisari wa Dola Takatifu ya Roma, kichwa cha ukoo wa Habsburg. Ukoo huu ulichukua jina la ngome ndogo iliyoko Uswisi ya leo, ukapanda hadi kutawala nusu ya Ulaya, na ngazi yake kubwa ilikuwa ndoa. Carlos mwenyewe alirithi kutoka kwa babu na bibi wa pande zote mbili: Uholanzi na Ubelgiji ya leo, Austria, Kastilia pamoja na nchi za Amerika zilizokuwa zinatekwa, Aragon, Napoli na Sicilia. Hakuna vita vingeweza kumpa mtu mmoja vyote hivyo.

Mama yake Felipe alikuwa Isabel wa Ureno, binti wa Mfalme Manuel. Hapa wasimamishe wanafunzi wako kidogo, maana Manuel huyu ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa na kisha Malindi mwezi Aprili 1498. Kwa hiyo mfalme aliyeamuru ngome ijengwe Mombasa ni mjukuu, kwa upande wa mama, wa mfalme aliyeleta meli za kwanza za Wareno pwani hii. Nawaona watu wakishangaa kila nikiwaambia jambo hili, nami bado linanishangaza.

Isabel alifariki mwaka 1539, Felipe akiwa hajatimiza miaka 12. Baba alikuwa safarini au vitani karibu muda wote, akimlea mwana kwa barua. Zile alizomwandikia mwaka 1543, alipomwachia kijana wa karibu miaka 16 uangalizi wa Hispania, zimehifadhiwa hadi leo, na ukizisoma unamwona Felipe atakavyokuwa: usimwamini mshauri mmoja peke yake, wasikilize wote, uamue wewe, na usionyeshe uso unachowaza. Mtoto aliyashika maneno hayo mpaka kaburini. Mabalozi wa kigeni walilalamika kwamba alizungumza kwa sauti ya chini, akatabasamu kidogo, wasijue wamepata au wamekosa.

Mwaka 1555 na 1556 Carlos, akiwa mgonjwa na amechoka, alifanya jambo ambalo wafalme wengi hawaliwezi: aliachia madaraka akiwa hai. Austria na cheo cha Kaisari vikaenda kwa ndugu yake Ferdinand. Felipe akapata Hispania, nchi za Amerika, Napoli, Sicilia, Milan na Uholanzi. Hiyo Milan uiweke akilini, itarudi.

Alioa mara nne, na kila ndoa ilikuwa mkataba wa siasa. Wa kwanza, Maria Manuela wa Ureno, alikuwa binamu yake kwa baba na kwa mama. Alifariki mwaka 1545, siku chache baada ya kumzaa Don Carlos. Wa pili, Mary Tudor, malkia wa Uingereza, alimzidi kwa miaka 11. Walioana mwaka 1554 wakakaa pamoja muda mfupi tu, mtoto hawakupata, naye Mary akafa mwaka 1558. Wa tatu, Elisabeth wa Valois kutoka Ufaransa, alimpa mabinti wawili, Isabel na Catalina. Wa nne, Anna wa Austria, alikuwa binti wa dada yake mwenyewe, na ndiye aliyemzalia mrithi.

Mwaka wake mchungu kuliko yote ulikuwa 1568. Don Carlos alikuwa kijana mwenye hasira zisizotabirika, hasa baada ya kuanguka kwenye ngazi na kuumia kichwa mwaka 1562. Usiku mmoja wa Januari 1568 mfalme mwenyewe, akiwa na wakuu wake, aliingia chumbani kwa mwanawe, akaamuru silaha na karatasi zake zichukuliwe na madirisha yapigwe misumari. Julai kijana akafa kizuizini, miaka 23. Oktoba akafa Elisabeth. Maadui wa Felipe walieneza kwamba alimuua mwanawe. Mimi siliamini hilo. Yanayojulikana kuhusu miezi ile ni ya kijana aliyegoma kula, kisha akala kupita kiasi, akalala juu ya barafu, mwili ukamshinda. Lakini aliyemfungia mwanawe hadi akafa humo hawezi kuoshwa kabisa, na Felipe hakuwahi kueleza hadharani sababu zake zote.

Nikirudi kwenye utawala: Felipe alitawala kwa karatasi. Baba yake aliishi juu ya farasi. Yeye alikaa mezani. Mwaka 1561 aliihamishia serikali Madrid, na kuanzia 1563 hadi 1584 akajenga El Escorial, jumba lililo pia monasteri, maktaba na makaburi ya ukoo, chini ya milima kaskazini-magharibi ya mji huo. Humo alisoma taarifa kutoka Mexico, Peru, Manila, Napoli na Antwerp, akiandika maoni yake pembeni kwa mwandiko mbaya sana, hata akasahihisha herufi za makarani. Visiwa vya Ufilipino vinaitwa kwa jina lake, naye hakuvikanyaga. Udhaifu wa utaratibu huu unajulikana: jambo linapokuwa la haraka, karatasi inangoja zamu. Na nguvu yake ni kwamba mambo mengi ya wakati ule yanajulikana leo kwa sababu yeye hakutupa kitu.

Basi alipataje Ureno? Kwa kifo cha mpwa. Mfalme Sebastião wa Ureno alikuwa mtoto wa dada yake Felipe, kijana mwenye ndoto ya kuiteka Moroko kwa jina la msalaba. Walikutana Guadalupe mwishoni mwa 1576, mjomba akamshauri asiende mwenyewe vitani. Sebastião hakusikia. Tarehe 4 Agosti 1578, karibu na Ksar el-Kebir, jeshi lake lilisagwa na jeshi la Moroko. Wafalme watatu walikufa siku ile: Sebastião, sultani Abd al-Malik aliyekuwa mgonjwa tangu mwanzo wa vita, na yule sultani aliyepinduliwa ambaye Sebastião alikwenda kumrudisha. Sebastião alikuwa na miaka 24, hana mke wala mtoto.

Kiti kikamwendea babu mdogo wake, Kadinali Henrique, mzee aliyekula kiapo cha kutooa. Naye akafa Januari 1580. Warithi waliodai walikuwa kadhaa, miongoni mwao Catarina wa Braganza na António, aliyezaliwa nje ya ndoa. Felipe alidai kwa jina la mama yake Isabel, na dai lake halikuwa la kubuni. Ila hakulitegemea hilo pekee. Wakuu wa Ureno waliotaka fedha ya kukomboa jamaa zao waliotekwa Moroko walipata fedha, na Agosti 1580 jeshi lake chini ya Duke wa Alba likamshinda António nje ya Lisbon. Kuna msemo anaobandikwa Felipe kwamba Ureno aliirithi, akainunua, akaiteka. Awe alisema au hakusema, ndivyo ilivyokuwa.

Njiani kwenda huko, Badajoz, mafua makali ya mwaka ule yalimlaza yeye na mke wake. Yeye alipona, Anna akafa. Aliingia Ureno mjane kwa mara ya nne.

Aprili 1581 baraza la Ureno lilikutana Tomar na kumtambua kuwa mfalme, na hapa ndipo penye jibu la swali lako, mwalimu. Felipe alikubali masharti. Ureno ibaki na sheria zake, lugha yake na fedha yake. Vyeo vya Ureno washike Wareno. Biashara na utawala wa Afrika na India ubaki mikononi mwa Wareno. Yaani falme mbili, mfalme mmoja, kila moja na ofisi zake. Ndiyo maana Mombasa haikupata gavana Mhispania. Meli zilikuwa za Wareno, kapteni Mreno, na Goa, makao makuu ya Wareno huko India, aliketi mwakilishi wa mfalme aliye Mreno vilevile. Mhispania alikuwa yule mmoja tu aliyeko juu kabisa, ambaye sahihi yake ilihitajika.

Aliishi Lisbon hadi 1583. Kutoka huko aliwaandikia mabinti zake barua ambazo Catalina alizihifadhi hata baada ya kuolewa, zikaja kupatikana Turin katika karne ya 19. Namshauri yeyote anayemjua Felipe kwa vita tu azitafute. Anauliza meno ya mtoto yameotaje. Anasema kitu anachokosa sana mwaka ule ni kuwasikia ndege waimbao usiku, maana nyumba aliyomo iko mbali na mashamba. Ni vigumu kulinganisha sauti ile na moto uliowashwa kwa jina lake sehemu nyingine, na nadhani kulinganisha si lazima. Alikuwa yote mawili.

Moto huo ulifika kwetu. Mombasa haikuwa imewahi kuwatii Wareno kwa moyo. Waliipora mwaka 1505 na tena mwaka 1528, na kila mara mji uliinuka. Kisha, katikati ya miaka ya 1580, alishuka kutoka Bahari ya Shamu nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey. Miji mingi ya pwani ilimpokea kama mkombozi, isipokuwa Malindi, iliyokuwa rafiki wa Wareno tangu siku za Vasco da Gama. Ali Bey alipoondoka, Goa ilituma meli za kulipiza kisasi. Mwaka 1587 Faza, mji wa kisiwa cha Pate, iliteketezwa, watu wakauawa, minazi ikakatwa. Minazi, mwalimu. Mtu wa pwani anajua maana yake: ukikata mnazi umekata chakula cha watoto ambao bado hawajazaliwa.

Ali Bey alirudi mwaka 1589 na meli tano, akajenga kituo cha mizinga Mombasa. Kutoka Goa zikaja kama meli 20 chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Wakati huohuo, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliotoka pande za Zambezi. Kisiwa kikabanwa baharini na barani, na Wazimba wakaruhusiwa kuvuka. Yaliyowapata wenyeji siku zile ni msiba mkubwa ambao haukupewa nafasi ya kutosha katika vitabu vya shule. Ali Bey alitekwa, akapelekwa Ureno. Wazimba walipanda hadi Malindi na huko wakapigwa na Wasegeju, na haohao Wasegeju baadaye wakaichukua Mombasa na kumpa mfalme wa Malindi.

Kwa Goa na Lisbon, somo lilikuwa kwamba Waturuki wakiwahi bandari ile, njia ya India imo hatarini. Amri ikatoka ya kujenga ngome ya kudumu. Aprili 1593 msingi ukawekwa. Waashi waliletwa kutoka India, vibarua kutoka Malindi, na mwamba wa matumbawe ulikuwa palepale. Msanifu alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mtaliana wa Milan. Nilikuomba uiweke Milan akilini: mji ule ulikuwa wa Felipe pia, kwa urithi wa baba. Kwa hiyo ngome inayoitwa ya Wareno ilichorwa na raia wa Kitaliana wa mfalme Mhispania, kwa mtindo mpya wa Italia wa kuta zenye pembe, ambapo kila buruji, yaani pembe ya ngome iliyochomoza nje, inaulinda ubavu wa mwenzake na mshambuliaji hapati kona ya kujificha.

Barua ya kutoka Goa ilihitaji kungoja pepo, kisha miezi ya bahari, ifike Lisbon, na jibu lirudi vilevile. Mabaharia wetu wa kaskazi na kusi wanaijua hesabu hiyo. Felipe hakuwahi kuiona Bahari ya Hindi. Mombasa kwake ilikuwa aya katika rundo la karatasi, wakati alipokuwa na vita vya Uholanzi vilivyomshinda miaka nenda rudi, Uingereza iliyomvunjia manowari zake mwaka 1588, na Ufaransa aliyoingilia vita vyake vya dini. Fedha ya machimbo ya Potosí, Amerika ya Kusini, ilikuja kwa shehena na kuondoka kwa shehena. Mwaka 1557, 1575 na 1596 hazina yake ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni kama yalivyoandikwa.

Wareno nao waligundua kwamba wamerithi maadui wa mfalme wao. Waholanzi waliokuwa wakinunua pilipili Lisbon kwa amani walipozuiwa, waliamua kuifuata wenyewe, na mwaka 1595 meli zao za kwanza zikaelekea Asia. Nusu ya matatizo ya Ureno katika Bahari ya Hindi karne iliyofuata yalianzia hapo, nami ningetaka vitabu vyetu viliseme hilo waziwazi. Mwaka 1640 Ureno iliasi na kujitoa, ikampata mfalme wake mwenyewe kutoka Braganza.

Kando kidogo, kwa kuwa ni jambo la lugha yetu. Neno "reale", ambalo wazee wa pwani na Unguja walihesabia fedha, linatokana na sarafu ya Hispania. Kulikuwa na "reale ya mzinga", kwa sababu sarafu ile ilichorwa nguzo mbili na watu wakaziona kama mizinga. Nguzo hizo ni Nguzo za Herakles, alama aliyoichagua Carlos, baba yake Felipe. Na ile "reale ya Sham" ilikuwa na sura ya Maria Theresa, binti wa Habsburg wa tawi la Austria. Ukoo huu umekaa mifukoni mwetu muda mrefu kuliko uliokaa ngomeni.

Felipe alifia El Escorial tarehe 13 Septemba 1598, akiwa na miaka 71, baada ya siku 53 kitandani. Jongo lilikuwa limemlemaza mikono na miguu, mwili umejaa vidonda, hata kumgeuza kulimtia uchungu. Chumba kilikuwa kidogo, na kilipangwa ili aione altare ya kanisa akiwa amelala. Mkononi alishika msalaba uleule ambao baba yake alikuwa ameushika alipokufa.

Ukiwarudisha wanafunzi ngomeni, usianze na mizinga. Wazungushe kwenye buruji nne na uwape majina yake ya Kireno. Mbili za upande wa bara ni São Filipe na Santo Alberto. Mbili za upande wa bahari ni São Matias na São Mateus. Ni majina ya watakatifu, lakini angalia yanavyofuatana na wakubwa wa mwaka ule. Filipe ndiye mfalme wetu. Alberto ni jina la Albert wa Austria, mpwa wa Felipe na kaka wa marehemu mkewe Anna, aliyemtawalia Ureno kutoka Lisbon hadi 1593, na ambaye baadaye alimwoa Isabel, yule binti wa barua. Matias ni Matias de Albuquerque, mwakilishi wa mfalme Goa. Mateus ni Mateus Mendes de Vasconcelos, kapteni aliyesimamia ujenzi. Mwambie huyo mwanafunzi aanze São Mateus na atembee kinyume, kutoka kwa kapteni hadi kwa mfalme. Ndiyo njia iliyopitwa na kila barua ya Mombasa ya wakati ule.